Shimo moja, mapafu mawili

Jirani yangu hapa Moshi aliinua picha yake ya eksirei dirishani tuione. Vidoa vyeupe vimetapakaa mapafu yote mawili, kama chokaa iliyorushwa kwa vidole. Amechimba tanzanaiti Mererani miaka mingi, na vumbi la mawe limemwachia silikosisi, yaani makovu ya mapafu. Kaka yake, aliyeanza naye shimo lilelile, hadi leo anapanda mlima huko Machame na mkungu wa ndizi begani. "Damu zetu hazifanani," akasema.

Hoja yake ina mashiko. Panya wa maabara wa ukoo wa C57BL/6 wakipewa bleomisini, dawa ya saratani, mapafu yao hujaa makovu. Wa ukoo wa BALB/c huyaepuka makovu hayo kwa kiasi kikubwa, kwa dawa hiyohiyo. Walichotofautiana ni urithi, na sehemu ya urithi huo hugusa namna seli zinavyokufa. Seli iliyoharibika huwa na utaratibu wa kujizima yenyewe. Kovu linapoanza, mambo hupinduka: seli zinazotandika vifuko vya hewa hufa ovyo, huku zile zinazofuma nyuzi za kovu zikigoma kufa. Tena utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulihusu silika yenyewe, vumbi la mawe: panya waliozaliwa bila FasL iliyo timamu, protini inayoiamuru seli nyingine ife, hawakupata silikosisi.

Basi tuizime FasL? Hapo ndipo pagumu. Panya haohao, kadiri wanavyokua, huvimba matezi na kinga yao huugeukia mwili wenyewe, maana seli za kinga zilizopaswa kuondoka zinabaki. Na kuhusu bleomisini, tofauti ya koo zile inahusishwa pia na kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo. Kimeng'enya hicho hakina habari na vumbi la Mererani. Isitoshe, kovu la panya aliyepewa dozi moja huweza kufifia baada ya miezi. La mchimbaji haliondoki hata akiacha kazi, na mara nyingine huzidi.

Kwa anayetafuta dawa, mimi niko upande wa panya. Kujua ni seli ipi ife na ipi isife ni kazi ya kufanywa kwa subira. Ninachokiogopa ni habari hizi zikifika mdomoni mwa shimo. Mwenye mgodi akisikia "jeni" atatamani kupima watu damu, badala ya kumwaga maji wakati wa kuchoronga mwamba. Panya wa ukoo dhaifu kuliko wote hapati silikosisi pasipo silika.

Halafu panya wale hupewa kipimo kilekile, kwa mizani. Hawa ndugu wawili nani aliwapimia? Nikamuuliza jirani kaka yake alikuwa akishika kazi gani. Akaishusha picha, akafikiri.

"Yeye alikaa sana juu. Kwenye winchi."