Fowili Kuukuu na Kijana Wako: Usilifumue Lote

Mtu akisema anataka kufufua fowili kuukuu, yaani gari linaloweza kuvutwa na magurudumu yote manne, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kufumua kila kitu hadi abaki na chasisi tupu, aisafishe, aipake rangi, kisha arudishe kifaa kimoja kimoja. Kwa mwenye nafasi, pesa na miaka ya kutosha, huo ni ushauri mzuri. Kwa mzazi mwenye mfuko mwembamba anayefanya kazi hiyo na kijana wa miaka 15, mimi nasema ni ushauri mbaya. Gari lililofumuliwa lote ni rundo la vyuma tu, na hakuna kijana anayevumilia rundo la vyuma mwaka mzima. Ndiyo maana magari mengi ya aina hii huishia kuuzwa yakiwa ndani ya maboksi, na mnunuzi hajui bolti ipi ilitoka wapi.

Gari letu, la binti yangu na mimi, ni Land Rover Series III, toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, lenye injini ya petroli ya silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Sheria yetu ni moja: hatufungui sehemu ya pili kabla ya kuifunga ya kwanza, na injini iwe inawaka karibu kila wakati. Ngurumo ya injini ndiyo inayomrudisha binti yangu gereji Jumamosi asubuhi. Maneno yangu hayana nguvu hiyo.

Kubana matumizi huanza siku ya kununua, na hapo ndipo wengi hupotea kwa kusikiliza injini badala ya kuchungulia chini. Injini mbovu haifichiki. Inatoa moshi, inagonga, au haiwaki kabisa, na bei hupungua kwa sababu hiyo. Kutu hujificha. Bodi ya Land Rover hizi ni ya alumini, urithi wa uhaba wa chuma uliofuata Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo gari linaweza kupendeza kwa nje huku chasisi ya chuma ikiwa imeoza ndani. Tembea na nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mfu. Gonga boriti ya nyuma, gonga mikono inayotoka kwenye chasisi kushikilia bodi, gonga ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva, hasa chini kwenye kona. Na pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, tafuta unga mweupe, kwa maana hapo ni alumini inayoliwa. Mimi ningenunua chasisi nzima yenye injini iliyokufa kuliko kinyume chake. Kazi kubwa ya kuchomelea chasisi si ya kufundishiana nyumbani, na fundi mzuri wa kuchomelea hatozi kidogo.

Baada ya hapo mpangilio wangu ni rahisi: gari lisimame, liongozeke, lisichemshe, ndipo liende. Uzuri wa sura uko mwisho kabisa. Breki, viungio vya usukani na tairi ndiko kusikobanwa senti. Gari hili lina breki za ngoma magurudumu yote manne, na mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Yakikaa miaka, kiwango chake cha kuchemka hushuka na silinda ndogo za kwenye magurudumu huota kutu kwa ndani. Mipira inayopitisha mafuta ya breki nayo huweza kuvimba ndani huku nje ikionekana salama. Vyote hivyo tuliweka vipya bila mjadala. Vumbi la breki kuukuu usilipulize kwa upepo wa pampu, kwa sababu viatu vya breki vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbesto. Lilowanishe, vaeni barakoa, mfute kwa kitambaa cha kutupa. Na kijana asiingize hata mkono chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Stendi za chuma kwanza, halafu mlitikise gari muone kama limetulia, ndipo aingie.

Sehemu yenye utamu ni ile ambayo akili inachukua nafasi ya pesa. Kabureta ya Zenith inayokuja na injini hizi ina ugonjwa wake maarufu: mfuniko wa juu hupinda, pete ndogo ya mpira ya ndani huchakaa, petroli ikapenya pasipotakiwa. Injini hapo inakunywa kupita kiasi, moshi unakuwa mweusi na plagi zinajaa masizi. Wengi hununua kabureta mpya. Dawa ya kwanza, hata hivyo, ni kioo kinene kilichonyooka, karatasi ya msasa wa maji juu yake, na subira. Binti yangu alichora mistari ya wino kwenye uso wa mfuniko, akaanza kuusugua taratibu juu ya msasa. Pale wino ulipofutika ndipo palipoinuka. Pale uliposalia ndipo palipobonyea. Hakuhitaji nimweleze zaidi ya hapo. Aliendelea hadi mistari yote ikaisha, akabadilisha pete ya mpira, akafunga, na alipowasha moshi ulikuwa umepungua waziwazi. Gharama ilikuwa karatasi ya msasa na pete.

Vali nazo ni hivyo hivyo. Nafasi kati ya kila vali na mkono unaoisukuma kwenye injini hii ni milimita 0.25, na inapimwa kwa fila geji, yaani vibapa vyembamba vya chuma vyenye unene unaojulikana. Kuna hesabu ndogo ambayo vijana huipenda sana: vali ziko 8, na ile inayorekebishwa, ukijumlisha namba yake na namba ya ile iliyofunguka kikamilifu, lazima upate 9. Namba 8 ikiwa imefunguka, rekebisha ya 1. Namba 6 ikifunguka, rekebisha ya 3. Mwalimu wa hesabu angefurahi, ingawa kusema kweli aliyefurahi zaidi ni mimi, maana kwa nusu saa hakuna aliyeshika simu.

Simu yenyewe siipigi vita. Kila kinachofunguliwa kinapigwa picha kwanza, na kila bolti inaingia kwenye mfuko wenye maandishi. Kazi hiyo ni yake, na anaifanya vizuri kunishinda.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wazazi wenzangu wengi. Kijana anaitwa gereji kushika tochi. Anashika tochi wiki ya kwanza, ya pili anaangaza ukutani, ya tatu ana kazi za shule za ghafla. Halafu mzazi anasema watoto wa siku hizi hawapendi kazi za mikono. Mpe spana, na mpe daftari la matumizi pia. Kwetu binti ndiye mtunza fedha: anajua kilichobaki, ananunua spea, na ana haki ya kukataa. Alinikatalia matairi mapana yenye meno makubwa niliyoyatamani, akaniuliza yatasaidia breki kwa lipi. Nilikosa jibu. Fedha ile ilikwenda kwenye viungio vya usukani, na gari likaacha kuyumbayumba.

Mtaniambia kijana atavunja kitu. Bila shaka atavunja. Bolti iliyoshikwa na kutu hukatika mkononi mwa yeyote. Ndiyo maana nampa kwanza vitu visivyo na hatari: kufungua rejeta iliyopoa na kuisafisha, kufuatilia waya kwa taa ya majaribio, kusugua ncha za betri. Waya za gari hili ni chache kiasi cha kuchorwa zote kwenye karatasi moja, na kijana aliyezichora mwenyewe haogopi umeme wa gari tena. Kusafisha tangi la petroli au kuchomelea karibu nalo, hapana. Hilo namwachia fundi.

Jambo la mwisho alilolipigania ni kuelewa nyenzo mbili za ziada karibu na ule wa gia. Kifundo cha njano kikishindiliwa chini, ekseli ya mbele inaunganishwa. Wenzo mwekundu ukivutwa nyuma, gari likiwa limesimama, unaingia gia za nguvu. Alitaka kujua kwa nini tusitumie magurudumu manne kila mahali. Tulichora chaki kwenye tairi la mbele na la nyuma, tukalisogeza gari polepole kwenye kona kali. Alama zikaachana: la mbele lilikuwa limesafiri mwendo mrefu zaidi. Kwa kuwa hakuna difu ya katikati, yaani gia zinazoruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti, ya kumeza tofauti hiyo, kwenye lami kavu inabaki ndani ya shafti na gia, ikizibana. Kwenye matope tairi huteleza kidogo na mbano unaachia. Sasa yeye ndiye anayenifokea nikisahau kifundo cha njano.

Kuhusu rangi bado hatujaafikiana. Mimi napendekeza rola na rangi iliyozimuliwa, tabaka jembamba juu ya tabaka, msasa katikati, kazi ambayo hatuhitaji kumlipa mtu. Yeye anataka mabonde na mikwaruzo ibaki kama ilivyo, na daftari anasema lina fedha ya kupaka chasisi peke yake. Nimeliangalia. Ni kweli.