Lissu, Kisutu na kesi ya kwenye skrini

Aprili 24, 2025, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, ilipanga kesi ya Tundu Lissu iendeshwe kwa video, yeye akiwa gerezani. Mwenyekiti huyo wa chama cha upinzani cha Chadema, aliyesomewa shtaka la uhaini wiki mbili kabla, akagoma kushiriki. Mei 19 akafikishwa Kisutu mwenyewe, mbele ya wafuasi wake.

Serikali ina hoja, na si za kupuuza. Kisutu iko katikati ya jiji, na siku ya kesi kama hii polisi wanatanda kila kona, hata mwenye shauri lake la mirathi anakwama getini. Tena kesi ikiwa katika hatua ya kutajwa hakuna ushahidi unaotolewa: wakili wa Serikali anasimama, anasema upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine inapangwa. Mahabusu wengi wangeshukuru kuepushwa na karandinga kwa ajili ya hayo. Na tusidanganyane, mwanasiasa akiwa kizimbani anajua kamera ziko upande gani.

Lakini uhaini adhabu yake ni kifo, na hauna dhamana. Mtu wa namna hiyo hana pengine pa kuonekana hadharani ila mahakamani. Hapo ndugu zake wanaona kama amekonda, na hakimu anamwona mzima badala ya kichwa na mabega. Zaidi ya yote, hapo anaweza kumnong'oneza wakili wake. Kwa video, wakili yuko Kisutu na mteja yuko ndani, askari magereza wakiwa karibu naye. Juni 16 Lissu aliiambia mahakama atajitetea mwenyewe, akilalamika kuwa mawakili wake wamenyimwa nafasi ya kuzungumza naye faragha gerezani. Ikiwa faragha ni taabu hata ana kwa ana, kwenye skrini itapatikana vipi?

Hoja ya usalama nayo imeshapimwa. Agosti 5, 2021, kesi ya ugaidi ya Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, ilipangwa kwa video, mtandao ukasumbua, ikaahirishwa. Kesho yake akaletwa mwenyewe. Aliendelea kufika mahakamani miezi mingi, umati ukija na kuondoka, mpaka Jamhuri ilipoiondoa kesi hiyo Machi 4, 2022. Jiji halikuwaka moto.

Kwa hiyo, kesi inapotajwa tu, video haina ubaya mshtakiwa akiridhia. Akikataa, aletwe. Gharama ya ulinzi abebe aliyemshtaki.

Linalonikera ni jingine. Agosti 18, 2025, mahakama ilizuia kesi ya Lissu kurushwa mubashara, kwa sababu baadhi ya mashahidi raia walipewa ulinzi wa kutotambulishwa. Hapa Serikali ina hoja nzito kuliko ile ya watu kukwama getini: shahidi anayeogopa kuandamwa mtaani hatasema kitu. Ila kumficha shahidi kunamgusa yeye. Kuzima matangazo yote kunamgusa kila aliye Mbeya au Kigoma asiyeweza kufika Kisutu. Sura ya shahidi ingeweza kufichwa na sauti yake kubadilishwa, huku hoja za mawakili na maamuzi ya mahakama vikiendelea kurushwa. Kamera iliyoonekana inafaa kumtenga mshtakiwa na ukumbi, ghafla haifai kumfikishia mwananchi yanayosemwa humo.