Kabla ya kutema mate, waulize ndugu zako

Kila ifikapo mwisho wa mwaka hapa Minnesota, Marekani, vifaa vya kupima vinasaba (DNA) huuzwa kwa bei ya punguzo na watu hupeana kama zawadi. Ndani ya kiboksi mna kichupa cha plastiki chenye mstari, na maelekezo kwamba usile, usinywe wala usivute sigara kwa nusu saa kabla ya kutema mate hadi yafike kwenye mstari huo. Kisha unakifunga, unakituma kwa posta, na wiki chache baadaye unaletewa kwenye simu asili yako, ndugu usiowajua na maradhi unayoweza kuyarithi. Hakuna anayedai barua ya daktari, na urahisi huo ndio unaowavutia wengi. Mimi mtu wa Ngamiani, Tanga, naona wenzetu wa huku wamekosea jambo moja kubwa, nalo ni kuvihesabu vinasaba kuwa mali ya mtu mmoja, ilhali ni mali ya ukoo.

Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata Joseph James DeAngelo, muuaji aliyesakwa kwa miongo kadhaa, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amejipima popote: ndugu zake wa mbali ndio waliokuwa wameweka taarifa zao kwenye GEDmatch, hifadhidata ya mtandaoni ambako watu huweka vinasaba vyao ili kutafuta ndugu, na kupitia hao polisi wakamfikia. Kukamatwa kwake ni jambo jema, lakini njia ileile humfikia pia asiye na kosa lolote. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia kwenye akaunti zipatazo 14,000 za 23andMe, kampuni inayouza vifaa kama hivyo, wakitumia nywila ambazo wenye akaunti hizo walikuwa wamezitumia pia kwingineko, na kupitia kipengele cha kutafutia ndugu wakafikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika, na taarifa za wateja zikawa miongoni mwa mali zilizouzwa.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 inamkataza mwajiri na kampuni ya bima ya afya kukubagua kwa sababu ya vinasaba, lakini haigusi bima ya maisha. Kwa hiyo anayekusudia kupima huku ni bora akate bima ya maisha kwanza, apime kupitia daktari, akatae sampuli yake kutumika katika utafiti na aombe iteketezwe. Kutumia jina la uongo hakumfichi mtu, maana binamu yake aliyejisajili kwa jina halisi atamfichua.

Nyumbani mambo ni kinyume. Chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, kipimo cha uhalali wa mtoto hakifanywi kwa kubisha hodi tu kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ombi hupitia mlango unaotambulika, kama vile mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Wengi huuita urasimu. Mimi naupenda, kwa sababu unamlazimisha mtu kueleza anataka kujua nini, na kwa ajili ya nani. Aidha, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa taarifa nyeti.

Tatizo letu liko dirishani. Nilipokuwa likizo nilimsindikiza dada yangu kuchukua majibu ya kipimo cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, katika zahanati moja, na mhudumu akaita jina lake kamili pamoja na majibu, mbele ya benchi lililojaa majirani. Kubeba kinasaba kimoja cha selimundu si ugonjwa, na hatari ya mtoto kuzaliwa nao ugonjwa, yaani nafasi moja kati ya nne kwa kila mimba, hutokea pale wazazi wote wawili wanapokibeba. Lakini nani atalieleza hilo barazani? Kufikia alasiri habari ilikwisha kuwa ya mabinti wote wa nyumba ile, na aliyekuwa akisubiri posa akaanza kuulizwa maswali. Hapo hakuna mdukuzi wa kulaumiwa. Namba badala ya majina, na mlango wa kufungwa wakati wa kutoa majibu, ni mambo yasiyohitaji bajeti kubwa.

Daktari wangu wa huku aliponishauri nipime, nilimpigia simu mjomba wangu wa Pangani, ambaye ndiye mkubwa wetu. Aliniuliza, “Mwanangu, ukikuta kitu, utamwambia nani, na wasiotaka kujua utawafanyaje?” Hakuna fomu ya huku niliyoisaini iliyowahi kuniuliza swali hilo. Tulikubaliana kwamba nipime kwa daktari, majibu yabaki kwangu, na ndugu anayetaka kujua aje aniulize mwenyewe. Hadi sasa wawili wameuliza, na dada yangu amesema yake yamekwisha kumtosha.