Fao la Ugonjwa na Mwaka Uliopungua

Jumanne iliyopita nilipokea barua ya kurasa mbili inayonieleza kwamba sistahili fao la ugonjwa hapa Uingereza, na tangu siku hiyo nimeirudia mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa. Mgongo ulinikataa mwezi Aprili, nilipokuwa nikimwinua bibi mmoja kitandani katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Mwajiri alinilipa malipo ya ugonjwa ya kisheria, pauni 118.75 kwa wiki, hadi zikatimia wiki 28 anazotakiwa kulipa, kisha akanijazia fomu ili nikadai fao linalotegemea michango ya bima ya taifa, ambalo hapa hujulikana kwa herufi ESA.

Fao hilo halitazami akiba yako wala mshahara wa mwenzi wako. Linatazama michango yako ya miaka miwili ya kodi iliyokamilika kabla ya mwaka unaodai kuanza, na kwa anayedai mwaka huu wa 2025 miaka hiyo ni 2022/23 na 2023/24. Wa pili ninao kamili. Mwaka wa kwanza nilikuwa na vibarua viwili: alfajiri nikisafisha ofisi kwa pauni 110 kwa wiki, jioni nikihudumia wagonjwa majumbani kwa pauni 115. Kima cha chini cha kipato kilichotakiwa mwaka ule ili wiki ihesabiwe kilikuwa pauni 123 kwa wiki, nacho hupimwa kwa kila mwajiri peke yake, bila kujumlisha. Kwa hiyo mwaka mzima wa kuamka saa kumi alfajiri umeandikwa kana kwamba nililala. Nilitaka kuliziba pengo kwa michango ya hiari, nikaambiwa kwamba michango ya aina hiyo inasaidia pensheni tu.

Imeniuma, na kanuni ya kutojumlisha vibarua viwili naiona dhuluma kwa watu wa kipato cha chini, ambao wengi wao ni wahamiaji na akina mama. Lakini barua imenitajia mwaka, kiasi na kanuni, nami nikiwa na hati zangu za mshahara nimeweza kuihakiki sentensi kwa sentensi mezani kwangu. Dar es Salaam nilikatwa asilimia 10 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii kwa miaka sita, na nilipokwenda kufuatilia nikakuta michango ya miaka mitatu haijawasilishwa.

Nasikia tayari mtu akisema: huyu amenyimwa na bado anawasifia, ameshakuwa Mzungu. Ndugu yangu, siwasifii. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mshahara kamili! Mimi hapa nimeugua kwa pauni 118.75, kiasi kisichotosha hata kodi ya chumba, na siku tatu za kwanza sikulipwa kitu. Kwa maandishi tumewashinda, na najivunia hilo. Kinachonichosha ni kwamba haki hiyo nzuri imewekwa mkononi mwa mwajiri, na ukiugua unaanza kumbembeleza. Mama lishe na dereva wa bodaboda hawana hata wa kumbembeleza.

Mwingine atasema kwamba sisi tunachangiana, na kwamba Ulaya mtu hufa peke yake. Kuchangiana nakujua kuliko anavyodhani. Kundi letu la Watanzania wa mji huu limenichangia kodi ya chumba ya Oktoba, na majina yalipokuwa yakiongezeka kwenye simu, huyu 20, yule 10, mwanafunzi mmoja 5, nilishindwa kujizuia kulia. Sitaki desturi hiyo ife. Ila nilipata kwa sababu najulikana, sikosi misiba wala harusi za watu, na mweka hazina ni shoga yangu. Mgeni aliyefika mwezi uliopita, akiugua, ataorodheshwa na nani? Lugha yetu inaita vyote viwili mchango, hiki cha huruma na kile kinachokatwa kwenye mshahara, na nadhani ndiyo maana tumezoea kukipokea hiki cha pili kama fadhila. Hapa, hata mhamiaji ambaye viza yake inamkataza fedha za umma anaruhusiwa kudai fao hili, kwa kuwa linahesabiwa kuwa ameshalilipia. Heshima hiyo ndiyo ninayoitamani nyumbani. Siku hizi mwanachama wa mfuko anaweza kuangalia michango yake kwa simu, na hiyo ni hatua kubwa. Basi aangalie kila mwezi akiwa mzima, asingoje hadi augue.

Mwaka wa mafao hapa huanza Jumapili ya kwanza ya Januari. Kuanzia tarehe 4 Januari 2026 watatazama 2023/24 na 2024/25, na ule mwaka wa vibarua viwili utaachwa nyuma. Hati zangu za miaka hiyo miwili zimo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, zimepangwa kwa wiki, na tarehe nimeizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni. Nitadai tena.