Geti la Desemba na gemu za uzinduzi

Kama umekulia Moshi unaijua Desemba. Kuanzia tarehe 15 hivi mabasi ya Dar yanashusha watu mpaka usiku, barabara ya kwenda Marangu imejaa gari ndogo, mbuzi wanapanda bei, na kila Mchaga aliyefanikiwa na ambaye bado anajitafuta anarudi nyumbani kuhesabiwa. Sasa kabla hao hawajafika kuna watu wengine ambao mwezi mzima hawajalala, nao ni mafundi. Bro wangu ni mmojawapo, ana banda lake la kuchomelea pale Pasua, mageti, madirisha, reli za ngazi, na mi nikiwa likizo huwa naenda kumshikia paipu na kumpokelea simu, na nakwambia kazi ya simu ndo ngumu kuliko ya grenda.

Desemba iliyopita kulikuwa na mama mmoja wa Dar, nyumba yake iko huko juu Kibosho, anataka geti la milango miwili lenye maua ya chuma kwa juu, picha kaitoa mtandaoni. Advansi imeingia tarehe 2. Vipimo vikaja kwa WhatsApp na vyenyewe ni vya kukadiria, maana mwashi hata nguzo alikuwa hajasimamisha. Bro akauliza, mama sasa nakata paipu kwa kipimo gani? Akajibiwa, fundi wewe anza tu, tarehe 23 nataka nilikute limesimama. Akaanza. Angefanyaje, hela ilishageuka chuma.

Nikamwambia bro, unajua hapo ulipo unatengeneza gemu ya uzinduzi. Akainua kioo cha kuchomelea, akaniangalia, akakishusha, akaendelea na kazi yake. Basi acha niwaelezee nyie.

Gemu ya uzinduzi ni ile inayotoka siku moja na mashine mpya ya kuchezea gemu, kama Xbox ya Microsoft au PlayStation (PS) ya Sony, au karibu na hapo. Watu wanazisema vibaya sana, fupi, hazina nyama, zinakwamakwama, na mara nyingi ni kweli. Ila wengi wanadhani waliozitengeneza ni wavivu au hawajui kazi, wakati shida ni kwamba jamaa wanakata paipu na nguzo haijajengwa. Chukua Xbox 360. Ilitoka Marekani tarehe 22 Novemba 2005, lakini mashine ambazo watengenezaji wa gemu walipewa mwanzoni hazikuwa Xbox kabisa, zilikuwa kompyuta za Apple, Power Mac G5, kwa sababu prosesa zake zilikuwa na undugu na ile ya Xbox ijayo. Yaani Microsoft anawapa watu Mac watengenezee gemu za Xbox! Unaandika kila kitu kwa kukadiria, hapa itakuwa na nguvu kiasi fulani, hapa memori itatosha, afu mashine yenyewe inakuja muda umeisha na haiko kama ulivyodhani, unaanza kukata na kuunga.

Na tarehe haisogei. Hebu angalia tu, Xbox ya kwanza tarehe 15 Novemba 2001, GameCube ya Nintendo Marekani siku tatu baadaye, PS3 na Wii (ya Nintendo pia) Novemba 2006, PS4 na Xbox One Novemba 2013, PS5 na Xbox Series X Novemba 2020. Novemba, Novemba, Novemba. Ni Krismasi ya wenzetu, ndo kipindi wazazi wanafungua pochi, ukikosa hapo usubiri mwaka mwingine, ni sawasawa na geti la Kibosho likisimama Januari wakati wageni wote washarudi Dar na hamna wa kuliona.

Kuna kingine pia ambacho watu hawakifikirii, siku ya kwanza wenye hiyo mashine ni wachache. Hata kila mmoja wao akinunua gemu yako bado hujauza kama ambavyo ungeuza kwenye mashine ya zamani iliyoko kwenye kila nyumba. Kwa hiyo kampuni kubwa haziweki hela ndefu hapo, zinaleta gemu ya zamani imepigwa msasa, au ya mpira, au ya magari, basi.

Mfano mbaya kuliko yote kwangu ni Saturn, mashine ya kampuni ya Sega. Marekani ilikuwa imepangwa itoke tarehe 2 Septemba 1995, watu wakawa wanafanya hesabu zao kwa Septemba. Tarehe 11 Mei Sega wakasimama kwenye maonyesho ya E3 wakasema, jamani, mashine iko madukani LEO. Dola 399. Yaani mama wa Kibosho anakupigia tarehe 5 anakwambia niko Same, nakuja, nifungulie geti. Kampuni za nje zilizokuwa zinaandaa gemu za Septemba zikaachwa mdomo wazi, gemu dukani zilikuwa chache na karibu zote za Sega wenyewe, na siku hiyohiyo Sony wakapanda jukwaani kusema PlayStation yao itakuwa dola 299. Daytona USA ya Saturn, gemu ya mbio za magari, ilitoka imeharakishwa mpaka milima ilikuwa inaota mbele ya gari lako, upo barabarani huoni kitu mara paap, mlima. Na hii ndo gemu iliyokuwa inavuta watu kwenye kumbi za gemu! Fundi alikuwa yuleyule mkali, kilichokosekana ni muda.

Sasa hapa ndo natofautiana na wenzangu wanaosema muda mfupi unaua gemu moja kwa moja. Mi nasema hapana, kinachoua ni kung'ang'ania maua. Muda ukiwa mfupi na ukajua cha kuacha, kazi inatoka. Kampuni ya Factor 5 walitengeneza Rogue Leader, gemu ya ndege za Star Wars ya GameCube, kwa miezi kama 9 tu, na mpaka leo ukiiwasha inapendeza, kwa sababu walikuwa wanaijua ile mashine kwa ndani (walishiriki kutengeneza mfumo wake wa sauti), gemu ya kwanza ya namna hiyo walishaifanya kwenye Nintendo 64, na hawakujaribu kukuletea dunia nzima, ni ndege, vita, steji chache, umemaliza. Luigi's Mansion nayo, ya GameCube vilevile, nyumba moja tu. Watu walilalamika ni fupi, wakamtaka Mario, nyota wa Nintendo, ila ile nyumba moja imepigwa msasa kila kona, vumbi linafuata mashine ya kufyonza, pazia linacheza. Au Astro's Playroom, imekuja ndani ya PS5 bure, unaimaliza jioni moja, kazi yake ni kukuonyesha pedi mpya inavyotetemeka mkononi na hiyo kazi inaifanya vizuri kuliko gemu nyingi za dola 70.

Hata Halo ya kwanza, gemu ya risasi ya Xbox ambayo watu wanaisujudia, angalia vizuri. Bungie walioitengeneza walinunuliwa na Microsoft katikati ya 2000, Xbox ikatoka Novemba 2001, haikufika hata mwaka mmoja na nusu. Sasa ukifika nusu ya pili ya gemu unashangaa mbona hapa nishapita? Umeshapita kweli, wanakurudisha njia ileile ila safari hii maadui ni wengine. Huo ni ufundi wa Desemba, paipu hazitoshi, unatumia vipande ulivyonavyo na unavipanga mteja asijisikie kaibiwa. Ile steji ya Library lakini hapana, ile walituibia.

Na kuna la Zelda ambalo nikilikumbuka nacheka. Twilight Princess ilikuwa ya GameCube, Nintendo wakaamua itoke pia na Wii Novemba 2006. Link, yule shujaa wa Zelda, toka zamani anatumia mkono wa kushoto, lakini kwenye Wii unapunga rimoti kama upanga, na watu wengi wanatumia mkono wa kulia. Kumbadilisha Link peke yake ingekuwa kazi kubwa, basi wakageuza dunia nzima kama kwenye kioo, mashariki ikawa magharibi, kila nyumba, kila mlima, kila njia. Bro alivyofika Kibosho na kukuta mwashi kaweka bawaba za mlango mdogo upande usio wake alifanya hivyohivyo, hakubomoa, aligeuza geti zima, la nje likawa la ndani.

Kwa hiyo lawama ziende kwa nani? Kwa mwenye nyumba, maana ndo mtu pekee anayeweza kusogeza tarehe. Nintendo 64 ilitakiwa kutoka 1995, wakaisogeza hadi 1996, na Marekani ilianza na gemu mbili tu dukani, MBILI, ila moja ni Super Mario 64 na hamna aliyekuwa anauliza ya tatu iko wapi. Wakarudia tena kwa Zelda ya Switch, mashine yao ya baadaye, Breath of the Wild, ilitangazwa kwa ajili ya Wii U iliyokuwa kabla yake, ikaahidiwa 2015, ikatoka 3 Machi 2017. Microsoft 2020 walionyesha Halo Infinite mwezi wa saba, watu wakaicheka ile sura ya adui wakaipa na jina, mwezi wa nane wakaiondoa kwenye uzinduzi kabisa. Wakahamia nyumba haina geti. Iliuma, lakini gemu ikaja Desemba 2021 ikiwa inachezeka, na nyumba haikuibiwa.

Sisi huku ukweli haya mambo yanatupita. PS2 ilitoka Japani Machi 2000, mi nimeikuta kwenye banda la gemu Majengo miaka kadhaa baadaye, zimechipiwa zikubali CD za kuchoma, mia mbili mechi moja, na tulikuwa tunacheza Winning (ile ya mpira, Winning Eleven) na GTA San Andreas, na San Andreas ni ya 2004. Yaani tulikutana na mashine ikiwa imeshaiva, mafundi wameshaizoea. Siku moja jamaa akaleta Ridge Racer V, ya mbio za magari, ambayo ilitoka na PS2 siku ya kwanza. Tukaiweka. Kingo za magari zilikuwa zinachezacheza kama meno ya msumeno, mwenye banda akauliza hii ni ya PS1 au? Dakika tano tukarudi kwenye Winning. Mashine ileile, pedi zilezile, TV ileile ya mgongo.

Kuna chalii wangu yuko Arusha, Sakina, yeye hakubaliani na mimi hata kidogo. Anasema mi nikitoa dola 70 yangu sitaki hadithi za nguzo wala mwashi, nataka gemu. Na ana haki, sijui hata nimjibu nini, zaidi ya kwamba asinunue siku ya kwanza. Lakini nae ndo wale wa kuulizia bei ya mashine mpya siku imetangazwa, kwa hiyo na yeye ni mama wa Kibosho tu.

Turudi kwa Sega kidogo niwatendee haki. Saturn nyingi Marekani ziliuzwa zikiwa na Virtua Fighter ndani, gemu ya kupigana, na ile gemu ilikuwa na kasoro, vipande vya miili ya watu vinapepesa. Sega wakaitengeneza upya ndani ya 1995 hiyohiyo, wakaiita Virtua Fighter Remix, na waliokuwa wamejiandikisha kuwa wana Saturn wakatumiwa bure kwa posta. Hilo nawapa maua yao.

Ya bro, basi. Tulilisimamisha tarehe 22 usiku, umeme umekatika, jenereta ya kuazima, nguzo zimetoka nyembamba kwa vidole vinne ikabidi kukata palepale. Maua hayakuwepo. Nje ilipigwa nyeusi, ndani tuliacha ile nyekundu ya kuzuia kutu kwa sababu muda uliisha. Mama kafika, kashuka kwenye gari, kalizunguka. "Fundi, maua yangu yako wapi?" Bro akamwambia mama yanakuja Januari, na rangi ya ndani pia, bure.

Januari akaenda kweli, na maua yake kwenye bodaboda. Akakuta mama kesharudi Dar na funguo kaondoka nazo. Akachomelea maua akiwa juu ya ngazi upande wa barabarani, akapiga tena nyeusi ya nje, akashuka. Ndani bado ni nyekundu.