Mwanasiasa Mary Harney wa Ireland: tumpime kwa moshi au kwa korido za hospitali?

Miaka ya 80 kama uliishi Dublin, mji mkuu wa Ireland, unajua baridi ilikuwaje, jioni kila nyumba inawasha makaa ya mawe, moshi hauendi juu unabaki hapo hapo mtaani, ukianua nguo zina masizi, na mwenye kifua kibovu halali. Mwaka 1989 Mary Harney akapewa unaibu waziri wa mazingira, na tarehe 1 Septemba 1990 makaa yale ya moshi yakapigwa marufuku mjini. Cha kuzingatia hapa ni kwamba hakumkataza mtu kuwasha moto kwake, alikataza kuuza na kusambaza, maana huwezi kuweka polisi kwenye kila jiko ila duka la makaa unaweza kulikagua. Moshi mweusi ukapungua karibu 70%. Utafiti wa 2002 ulisema vifo vya moyo na vya mapafu vyote vilishuka, baadae wakarudia hesabu wakaona upande wa moyo haukuthibitika, ila wa mapafu ukasimama. Kwangu hiyo inatosha kabisa.

Na huyu mama hakubebwa. Ndio, seneti aliingia kwa kuteuliwa 1977 akiwa na miaka 24, lakini 1981 ubunge aliupigania mwenyewe, wakati wanawake bungeni walikuwa 11 kati ya 166. 1985 chama chake, Fianna Fáil iliyoongozwa na Haughey, kikapinga mkataba wa Ireland na Uingereza kuhusu Ireland ya Kaskazini, yeye akapiga kura ya ndio, wakamfukuza, akaenda kuanzisha chama kipya, Progressive Democrats, na wenzake. 1993 akawa kiongozi wa chama, 1997 akawa mwanamke wa kwanza kuwa naibu waziri mkuu. Kima cha chini cha mshahara cha taifa zima, mwaka 2000, kilianza yeye akiwa waziri wa biashara na ajira, na hili wanaomuita mtetezi wa matajiri huwa wanalisahau.

Sasa tuje kwenye afya, 2004 mpaka 2011, hapa ndo penye ugomvi wenyewe. Bodi za afya za mikoa zikaunganishwa kuwa chombo kimoja cha taifa cha kuendesha huduma za afya, HSE. Matibabu ya saratani yakakusanywa kwenye vituo 8, kitaalamu ni sahihi kwa sababu daktari anayepasua wagonjwa wengi anakuwa na mkono mzuri zaidi, ila mama wa mji wa Sligo aliyeambiwa aende mbali hadi mji wa Galway kutibiwa saratani ya titi ana haki ya kukasirika. Halafu ule mpango wa kujenga hospitali binafsi ndani ya viwanja vya hospitali za umma, haikujengwa hata moja. 2006 mwenyewe alitangaza hali ya vitengo vya dharura ni janga la taifa, wagonjwa wamelala korido kwenye vitanda vya magurudumu, na anaondoka bado wamelala pale pale. 2008 serikali ikataka kuwanyang'anya wazee wa miaka 70 na zaidi kadi za matibabu bure, wazee kwa maelfu wakaandamana hadi ikalegeza masharti.

Mimi naona kosa lake kubwa ni kuamini ushindani utaponya hospitali. Mgonjwa aliyebanwa na kifua saa nane usiku hazunguki kuulizia bei, anaenda palipo karibu. Makaa yalihitaji sheria moja na mji mmoja, hospitali inahitaji madaktari, manesi, vitanda na hela kwa miaka mingi. Lakini kumbebesha lawama zote peke yake nakataa, waliofuata waliahidi kuivunja HSE na ipo hadi leo, na korido bado zimejaa.

Novemba 2010 alikuwa Dublin anazindua ujenzi wa kituo cha afya ya akili, diwani mmoja akamrushia rangi nyekundu ikatapakaa kwenye koti lake. Miezi miwili baadae akaachia uwaziri, chama chake kilishavunjwa kitambo. Ile sheria ya makaa nayo ikaendelea kupanuka mji baada ya mji, mpaka Oktoba 2022 marufuku ikawa nchi nzima.