Tundu la Baba

Idi ilipita vizuri. Pilau ililiwa, watoto wakapewa mkono wa Idi, wageni wakaja wakaondoka. Kisha akaja mmoja kutoka Dar, rafiki wa shemeji yangu, mtu wa kukusanya vitu vya zamani: gramafoni, kamera, saa za ukutani, na siku hizi kompyuta. Akaiona Spectrum yangu mezani. Akaishika kwa vidole viwili kama anayeokota soksi ya mtoto, akaigeuza, akaiona swichi ubavuni, akauona na waya niliouunga kule nyuma. Akasikitika kweli kweli.

"Aa, kaka. Hii umeshaiua thamani."

Nikamwongezea chai. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini tangu siku ile namjibu kichwani. Nikiwa bafuni namjibu, nikiwa kwenye baiskeli naelekea Ngamiani namjibu, na juzi nimepitiliza kona kwa sababu yake. Bora nimjibu hapa yaishe.

Kwanza swichi. Mlioishika Spectrum ya vibonye vya mpira mnajua kuwa haina swichi. Sinclair aliitoa mwaka 1982 kwa pauni 125 yenye kilobaiti 16, na pauni 175 yenye 48, na bei ile haikushuka kwa dua. Kila kinachoweza kuachwa kiliachwa. Ukitaka kuizima, unachomoa waya. Ukitaka kuiwasha, unachomeka. Mchezo ukiganda, unachomoa tena.

Yetu aliileta mjomba, baharia, mwaka 1987, imeviringishwa ndani ya taulo. Kompyuta na televisheni zilikuwa zimepigwa marufuku kuingizwa nchini tangu 1974. Mjomba alisema nini pale alipopita, hakuna aliyemuuliza. TV tulikuwa nayo, nyeusi na nyeupe, yenye chogo la kumtisha mtoto. Bara hakukuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994, kwa hiyo antena ilielekezwa baharini kuwatafuta Wazanzibari, ambao wao walikuwa na ya rangi tangu 1973 na hawakutuficha kwamba wanayo.

Baba alikuwa fundi redio. Wiki ya pili, baada ya mimi na kaka yangu kuchomoa na kuchomeka kutwa nzima, tundu la umeme likaanza kulegea. Baba akaitazama ile mashine huku na huku. "Sasa huyu Mzungu katengeneza kitu hakizimwi?" Akapasha msumari kwenye jiko la mkaa, akatoboa kasha ubavuni, akapachika swichi aliyoing'oa kwenye redio mbovu ya mteja ambaye hakurudi. Plastiki ilinuka nyumba nzima. Tundu lenyewe limekwenda mrama, kingo zake zimevimba kama mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki. Ndilo hilo lililoua thamani.

Sasa tuje kwenye neno analolipenda yule bwana: asili. "Haijaguswa." Anayo ya kwake, alinionyesha kwenye simu, imo ndani ya kabati la kioo lenye taa. Nikamuuliza, inawaka? Akasema hajawahi kuiwasha, anaogopa. Anaogopa! Hajui kama alichonacho ni kompyuta au ni sanduku la vibonye, ila thamani yake anaijua.

Na hiyo asili ni ipi? Waliofungua Spectrum za toleo la kwanza wanamjua mende. Chipu ya ULA, kazi ya Ferranti, ilitoka na kasoro, na wateja walikuwa wameshalipa wanasubiri. Basi ikachukuliwa chipu nyingine ndogo, ikalazwa chali miguu juu, ikaungwa kwa nyaya juu ya bodi, kasha likafungwa, mashine ikauzwa. Waingereza wenyewe wakaiita mende aliyekufa. Kiraka hicho hakikutiwa na kijana wa Ngamiani mwenye pasi ya kulehemu ya kuazima, kilitoka nacho kiwandani.

Tena bado. Zile kilobaiti 32 za juu kwenye ile ya 48 zilipatikanaje kwa bei ile? Walinunua chipu za kilobiti 64 ambazo nusu yake ni mbovu. Unaangalia nusu ipi nzima, unaunga kiwaya upande huu au upande ule, basi. Ni embe lililooza upande mmoja. Mama yangu akienda soko la Mgandini huyatafuta hayo hayo, huyakata, na juisi hatujawahi kuilalamikia. Mashine imezaliwa na mende mgongoni na maembe nusu tumboni, halafu mimi ndiye nimeiharibia usafi wake.

Hapa lazima nikae kidogo, maana ndipo alipogusa kidonda. Alipoona chipu nilizobadilisha alitikisa kichwa kama daktari.

Mwaka 1991, kwa haraka zangu, nilichomoa kifaa cha joistiki kule nyuma huku mashine inawaka. Kosa la kitoto na la gharama. Kilobaiti 16 za chini zinakaa kwenye chipu nane za 4116, na chipu hizo zina uroho wa ajabu: zinataka volti 5, zinataka volti 12, na zinataka volti hasi 5, zote kwa pamoja. Hiyo hasi 5 hutengenezwa humo humo ndani, na katransista kamoja wanakokaita TR4 ndiko kanakofanya kazi ya punda. Ukichomoa kitu nyuma wakati umeme umo, TR4 inakwenda. Hasi 5 ikikosekana huku 12 ipo, zile 4116 zinaungua moja baada ya nyingine. Kwenye TV nikaona mistari tu. Baba alipima na mita, akajua umeme umepungua mahali fulani, lakini ramani ya saketi hakuwa nayo na chipu za kubadilisha angezitoa wapi, Tanga ile? Akaifunga kwenye taulo lile lile la mjomba, akaiweka juu ya kabati. Hakusema neno. Angesema ingekuwa nafuu.

Ilikaa juu ya kabati miaka 25. Alipofariki, nikaishusha.

4116 zipo za kununua mtandaoni, asili kabisa, zee kabisa, na zitakufa tena kwa ugonjwa ule ule. Mimi nilikwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nikapata bodi ya kompyuta ya ofisi ya enzi hizo, wanaiuza kwa kilo, na juu yake chipu za 4164 zimejipanga kama askari. Hizi zinataka volti 5 tu. Mguu wa nane uliokuwa unakula 12 unaupa 5, mguu wa kwanza hauna haja na hasi 5 wala chochote, na mguu wa tisa unabaki na 5 yake bila kudhuru. Nikakata njia ya 12, nikaunga waya, nikalehemu soketi nane usiku kucha, jasho linadondokea bodi. Alfajiri nikabonyeza swichi ya baba. Kioo kikawa cheusi, kikasafika, na chini yakatokea maandishi ya mwaka 1982.

Nieleze basi, mkusanyaji mwenzangu, ningefanya nini? Ningeiacha juu ya kabati ikiwa safi?

Na hili la hewa watu wa makabati ya vioo hawalifikirii. Mimi nakaa karibu na bahari. Chumvi ya Raskazone haina heshima kwa kitu cha asili. Shaba ya kiunganishi cha nyuma inaota kijani, nailamba kwa ufutio na spiriti kila baada ya miezi. Utepe wa vibonye ulikauka ukakatika kama jani la mnazi; nimeweka mpya. Na kile kipande cha 7805 kinachoshusha volti 9 kuwa 5 huwa kinachemka hata nchi za baridi, sembuse Februari ya Tanga. Nimekitoa. Kilichokaa mahali pake hakipati joto kabisa.

Haya, haki ni haki. Mpwa wangu alileta kwa furaha kasha la Spectrum alilolikomba ndani, bodi nzima kaitupa, kaweka Raspberry Pi. "Mjomba, nimeifufua." Umeifufua wapi? Umevaa kanzu ya marehemu ukasema marehemu karudi. Hapo mgeni wangu na mimi tungekaa upande mmoja, na inaniuma kukubali. Inaniuma zaidi kwamba hata michezo ya kibao ya miaka ya tisini, ile yenye kibodi kamili na katriji ya michezo 9999 ambayo kwa kweli ilikuwa saba ikijirudia, ukiifungua unakuta tone moja jeusi la gundi limefunika kila kitu. Hapo hata fundi mwenye nia hana pa kushika.

Ule waya wa nyuma ulioungwa? Ni wa video. Mashine ilitoa picha kwa mawimbi, chaneli ya 36 ya UHF, unazungusha kitufe cha TV mpaka vidole vinakufa ganzi. TV za flati hazina subira na mambo hayo. Nimekata yale mawimbi ndani ya kiboksi chake, nikapitisha picha moja kwa moja kwenye tundu lile lile. Hakuna hata pa kuchimba. Dakika 20, na kitu cha kujuta sikioni.

Siku niliyoiunga hivyo ndiyo siku nilipojua. Utotoni tulipakia michezo kwa kaseti, dakika tano hivi za kelele ambazo mama aliziita ugomvi wa paka, na umeme ukikatika dakika ya nne unaanza upya. Pembeni ya kioo ilikuwa ikipita mistari, nasi tuliijua kuwa ya kijivu. Sasa kaseti sina, nacheza faili la sauti kutoka kwenye simu hadi tundu la masikio. Mistari ikaja. Nyekundu na samawati kwanza, kisha buluu na njano zikikimbizana. Miaka yote ile ilikuwa na rangi. Baba hakuziona.

Yule bwana, kabla hajaondoka, aliuliza naiuza kiasi gani. Hiyo iliyokwisha thamani. Shemeji akaangalia dari. Nikamwambia Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini hii yenyewe haiondoki.

Jumamosi mpwa wangu anakuja. Tunaweka kitufe cha kuanzisha upya, mguu wa 26 wa Z80 hadi ardhini, waya mbili tu. Kitufe amekwisha nunua, chekundu. Nilimwambia alete na drili. Akaniuliza kama msumari wa moto hautafaa.